Boma Lililovishwa Kanga

Kurui, Kisarawe
Jumapili, 5 Novemba 2023

Mwanangu Firdausi,

Mie shangazi yako ni mzima, mihogo imeshika, mvua inanyesha kama imetumwa, na nina furaha ambayo nikiiweka zaidi itachacha. Simu nimeshindwa nayo. Mtandao haushiki mpaka upande kichuguu cha kwa Mwinyimadi, na ukishapanda, nusu ya kijiji imeshakaa chini inakusikiliza. Latifu anakuja na mananasi hapo sokoni Kwa Mathias Jumatano, atakuletea hii.

Habari yenyewe ni hii. Jana tulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kupanga vipaumbele vya bajeti ya serikali. Mtendaji wetu, Onesmo, akasimama na karatasi yake, akasema chagueni moja liwe la kwanza: barabara, kisima, au kumalizia zahanati. Wanaume wakaanza na barabara yao. Mwinyimadi akasema barabara ndiyo mama wa maendeleo. Weee! Nikainuka. Nikamwambia, Mwinyimadi, mama wa maendeleo simjui, ila mama wa watoto wako namjua, wote saba nimewapokea kwa mikono hii juu ya mkeka, na huyo wa tano ulikimbilia shambani ukajificha mpaka jua linazama. Watu wakacheka mpaka Onesmo akaangusha kalamu. Kura zilipopigwa, zahanati ikashika namba moja.

Boma lenyewe la zahanati unalijua. Mchanga tumeubeba wanawake kichwani kutoka mtoni, kila Jumamosi, miezi minane. Limefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na hapo ndipo nguvu zetu zilipoishia. Paa, milango na nesi vinatoka serikalini, serikali inatoa kwenye bajeti, na makaratasi ya bajeti yanapita hapo Kibaha ulipo wewe. Basi mwambie Waziri.

Nimeshatamka mbele ya wote: siku nesi atakapokanyaga hapa na sanduku lake, mie naweka wembe na uzi chini. Miaka thelathini na minane ya kupokea watoto inatosha. Si kwamba nimechoka, usije ukadhani. Mikono yangu mizima kabisa. Ni vile tu kila kitu kina mwisho wake.

Kula vizuri. Picha uliyotuma umekonda.

Shangazi yako,
Mwanajuma Maulidi


Kibaha
12 Novemba 2023

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua imefika na mananasi mawili. La tatu Latifu anasema lilianguka njiani, lakini alivyokuwa ananukia nanasi, sina hakika. Nimecheka peke yangu habari ya Mwinyimadi mpaka jirani yangu Recho akaja kuuliza kuna nini. Halafu Shangazi, mwandiko wako umenyooka siku hizi. Umekuwa kama wa mwalimu!

Sasa kuhusu Waziri. Mimi sikai na Waziri, mimi nakaa na mashine ya kuchapia inayotafuna karatasi. Kazi yetu hapa ofisi ya mkoa ni kupokea maombi ya vijiji yaliyokwisha kupita kwenye kata na wilaya, kuyajumlisha na kuyapeleka Dodoma. Kila mwaka inakuja barua ya ukomo wa bajeti, maana yake serikali inasema fedha zilizopo ni hizi, msivuke hapa. Maboma ya zahanati yanayongoja paa ni mengi na fedha zinatosha machache. Kwa hiyo mwaka huu kila kijiji kitatuma picha za boma lake kabla Januari haijaisha. Lililofika kwenye lenta na halina paa linaingia kwenye orodha. Lililokwisha kukamilika linatolewa, maana halina shida.

Kuna mtu anayekaa na picha hizo na kuzichambua. Ni mtu wa haki, usiwe na wasiwasi naye. Ila mimi siwezi kuisemea Kurui hata neno moja. Ofisini wote wanajua kwetu ni wapi, na mwenzetu mmoja alihamishwa mbali kwa ajili ya kisima kilichochimbwa kwa mjomba wake. Nakuomba tusiandikiane tena habari za bajeti mpaka ipite. Niandikie za mihogo. Niandikie nani kaoa.

Uliponipokea kutoka kwa baba nilikuwa na miaka sita na kandambili moja. Chochote ulichowahi kuniomba katika maisha haya ningekupa, na hiki kimoja ndicho siruhusiwi. Nisamehe.

Mwanao,
Firdausi


Kurui
21 Januari 2024

Mwanangu Firdausi,

Ulinikataza habari za bajeti. Hizi si za bajeti, hizi ni za picha.

Onesmo alitangaza Jumatatu kwamba Alhamisi atapiga picha ya boma ipelekwe serikalini. Sasa nikuulize, mwanangu, mgeni akija utamwonyesha nyumba iko uchi? Serikali nzima ituangalie, halafu ione kuta tupu, majani yameota ndani na mbuzi wa Halidi amelala mahali pa kujifungulia? Nikasema haiwezekani. Nikawakusanya wanawake.

Tulifyeka, tukafagia, tukapaka chokaa ukuta wa mbele. Mwinyimadi, yule yule wa barabara, akaja mwenyewe na mabati kumi na nane aliyonunua kwa ajili ya nyumba yake. Wanaume wakayapanga juu ya miti upande wa mbele, bila msumari hata mmoja, wakayakandamiza kwa mawe. Mlango tumeazima msikitini. Ndani, Halidi anayepamba maharusi akatandaza vitambaa vyake vyeupe juu, ukiingia unaona dari limetulia. Madirishani tumetundika kanga, zangu nne. Mwalimu Laurensia akatoa kitanda chake na shuka la maua. Onesmo alipofika alisimama, akavua kofia. Akapiga picha ya mbele na picha ya ndani, wanawake tumejipanga tunatabasamu.

Ilikuwa nzuri, Firdausi. Nililia. Jioni tulirudisha kila kitu kwa mwenyewe, na Mwinyimadi akahesabu mabati yake mara mbili. Lakini huyo mtu wa haki akiiona picha ile atajua sisi ni watu tunaoweza kutunza kitu tukipewa. Nani atawanyima watu wa namna hiyo?

Latifu atakuletea akija. Mkewe Hamisa yuko karibu kujifungua, hivyo sijui atatoka lini.

Shangazi yako,
Mwanajuma


Kibaha
4 Februari 2024

Shangazi, shikamoo, na hongereni!

Latifu simwoni kabisa huku, kwa hiyo barua hii nampa Said wa lori la mkaa. Najua niliomba tusiguse habari hizi, lakini sasa Kurui haimo tena kwenye mashindano, kwa hiyo nina uhuru wa kusema.

Nimeiona picha. Shangazi, mmeimaliza zahanati! Bati, mlango, dari, kitanda, mapazia! Nani amewafadhili? Mbona hukuniambia? Nilikuona umesimama wa pili kutoka kushoto na kanga ya njano, nikataka kuwaita watu wote waje waone. Nikajizuia.

Kwa kuwa boma letu limekamilika, limetolewa kwenye orodha ya wanaongoja paa, na nafasi imepewa kijiji cha Dutumi, ambao lao limesimama wazi miaka minne. Sasa mnachohitaji nyie ni kuombewa nesi tu, na hilo lina njia yake. Nimejisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Hakuna atakayesema Firdausi aliwapendelea kwao.

Nakupenda. Kanga hiyo ya njano nitakununulia nyingine.

Firdausi


Kibaha
18 Februari 2024

Shangazi,

Latifu amefika leo mchana. Amenipa barua yako ya tarehe 21 Januari. Ilikaa mfukoni mwa koti lake karibu mwezi mzima.

Nimeisoma nimesimama pale pale Kwa Mathias katikati ya wauza mananasi. Mabati ya kuazima. Vitambaa vya harusi. Ya Rabi, Shangazi.

Nina jambo la kukiri. Yule mtu anayekaa na picha, niliyekwambia ni wa haki, ni mimi. Mimi ndiye niliyeitoa Kurui. Zilikuwa picha mia na kitu, na kila moja niliiangalia kwa makini, nikaikuza, nikahesabu kuta. Nilipofika kwenye ya kwetu nikaogopa. Mzee Castory, mkuu wangu, alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, nikaona nikikaa nayo muda mrefu atasema naipendelea. Nikaiangalia mara moja tu. Ningeiangalia mara ya pili ningeyaona yale mawe juu ya bati. Sasa nimeifungua tena, yanaonekana wazi kabisa.

Orodha ilikwenda Dodoma wiki iliyopita.

Nimewanyima nyie peke yenu kile nilichowapa watu nisiowajua: kutazamwa vizuri.

Latifu anasema hakusafiri kwa sababu mkewe alijifungua kwa shida. Nikamwuliza shida gani, akaangalia chini akasema nikuulize wewe. Shida gani, Shangazi?

Firdausi


Kurui
25 Februari 2024

Mwanangu Firdausi,

Kwanza nyamaza kulia, najua unalia.

Ile barua yako ya hongera niliisomesha uwanjani mbele ya watu, maana nilidhani ni furaha ya wote. Ikafika pale penye Dutumi, Mwinyimadi akasema, "Yale mabati yangu." Akarudia, "Yale mabati yangu." Onesmo akaondoka kwenda kuliangalia boma, sijui alidhani limehama. Baadaye kidogo mtu mmoja akaanza kucheka, tukacheka wote, halafu wengine tukalia. Hakuna aliyekutukana. Angethubutu nani, mbele yangu? Kosa ni letu kama lilivyo lako. Sie tulimpambia mgeni nyumba, kumbe mgeni huyu anataka kuiona uchi ndiyo akuhurumie. Uliniandikia kwamba lililokamilika linatolewa, lakini nani angedhani pambo la siku moja litahesabiwa kukamilika?

Sasa umeniuliza. Nilikuwa nakudanganya, Firdausi.

Vidole vyangu vimekufa ganzi. Vilianza mwaka juzi, kidogo kidogo, na mkono wa kulia unatetemeka. Huo mwandiko unaousifu si wangu, ni wa Mwalimu Laurensia. Ndiye anayeandika hapa, mie nasema. Ameacha kalamu ananitazama, namwambia andika tu.

Mkunga haoni kwa macho. Kule ndani anaona kwa vidole. Nilimpapasa Hamisa nikasema kichwa kiko chini, haya, sukuma. Hakikuwa kichwa. Yalikuwa makalio. Miaka thelathini na minane sijawahi kukosea hilo. Mtoto alitoka amechelewa, wa buluu, hana sauti. Nilimpulizia, nikamwita majina yote ya ukoo wao, mpaka Mungu akamrudisha. Kitovu nilishindwa kukifunga, uzi unanitoka. Laurensia ndiye aliyefunga.

Unadhani zahanati nilikuwa naiombea kijiji. Nilikuwa najiombea mwenyewe. Nilitaka nesi aje niache kwa heshima, watu waseme Mwanajuma amepumzika, wasiseme Mwanajuma ameua. Huyu Laurensia mwenyewe ana mimba ya miezi mitatu, na mumewe Gregori ameshaniambia, "Bibi, tuko mikononi mwako." Mikono gani?

Nimesema. Nimejisikia vibaya, halafu nimejisikia vizuri.

Shangazi yako,
Mwanajuma


Kibaha
3 Machi 2024

Shangazi yangu,

Nimekuwa nikiiweka mikono yako kichwani mwangu kila nikilala, kama ulivyokuwa ukinisuka. Kwa nini ulinificha? Sijibu kwa hasira. Nauliza tu.

Jumatatu nilikwenda kwa Mzee Castory nikamweleza yote, picha, mabati, mimi ni mtoto wa nani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kugusa chai yake. Akasema niandike maelezo yaingie kwenye faili langu. Halafu akasema kuna siku za marekebisho, mpaka tarehe 15 mwezi huu. Ukomo wa fedha ni ule ule. Kuingiza kijiji kimoja lazima utoe kimoja. Na kwa kuwa Dutumi waliingia kwa kosa langu, kutoka kwao kunaelezeka, hakuna atakayeuliza.

Barua ya marekebisho nimeshaichapa. Iko mezani, inangoja saini yangu tu. Nitaipeleka tarehe 14. Laurensia atajifungulia chini ya bati, Shangazi, na wewe utaacha kwa heshima. Nakuahidi.

Firdausi


Kurui
8 Machi 2024

Firdausi,

Usitie saini.

Tangu Latifu alete barua yako sijala vizuri. Nilifurahi kwanza, nisikudanganye tena. Nilifurahi siku nzima, nikampikia Laurensia ubwabwa wa nazi. Halafu nikaanza kuwafikiria hao wa Dutumi. Boma lao limesimama miaka minne. Kuna mwanamke huko, simjui jina wala sura, anayepokea watoto wa kijiji chake. Huenda na yeye ana vidole kama vyangu, na anaficha kama nilivyoficha. Na yeye kaambiwa mwaka huu limepita. Sasa niende nimpokonye, kwa kuwa mwanangu ndiye mwenye kalamu?

Hao hawakupamba boma lao. Walilionyesha lilivyo, na ukaliona, ukawapa. Hapo ulifanya sawa. Kosa moja lilishatokea, usiongeze la pili ukaliita marekebisho.

Laurensia anaandika haya na anatikisa kichwa kukubali, na tumbo ni la kwake. Yangu nitayatafutia njia.

Ramadhani ndiyo hiyo inaingia. Nisamehe nilichokukosea.

Shangazi yako


Kibaha
16 Machi 2024

Shangazi, shikamoo. Ramadhani njema.

Tarehe 14 nilikaa na ile barua mpaka ofisi ikafungwa. Sikuitia saini. Mzee Castory alipita akaiona kwenye kapu la taka, na siku ya pili aliniletea chai.

Nimeomba kutolewa kwenye picha. Kuanzia mwaka ujao anazichambua mwenzangu Lusajo, na za wilaya yetu mimi sizigusi.

Idi nakuja kukuchukua. Utaonwa na daktari wa vidole hivyo, na usiniambie habari za mihogo.

Nimesamehe, kama kuna cha kusamehe. Nisamehe na mimi.

Firdausi


Kurui
14 Juni 2024

Mwanangu Firdausi,

Dawa ya ugonjwa wa sukari nameza. Daktari wako alisema ganzi iliyoletwa na sukari haitarudi nyuma, ila haitakwenda mbele, nami nimekubaliana naye.

Jana tulisikiliza bajeti kwenye redio ya Mwinyimadi, kijiji kizima, tangu mwanzo mpaka mwisho. Wametaja mafuta, wametaja sukari, wametaja mabilioni mpaka Halidi akasinzia. Kurui hawakutaja, hilo nilijua. Lakini nilikuwa nangoja waitaje Dutumi, na hawakuitaja! Mwanangu, mmeipoteza na hiyo?

Mwanajuma


Kibaha
19 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Vijiji havisomwi kwenye hotuba, vingesomwa tungekuwa bado tunasikiliza hadi leo. Vimo kwenye vitabu vya miradi. Nimekifungua cha kwetu nikatafuta mstari kwa mstari. Dutumi wamo. Nimeweka kidole juu yake, nikakufikiria.

Sisi Onesmo atapeleka picha upya kwa Lusajo. Mwambie safari hii msifagie. Majani yaachwe, mbuzi aachwe.

Laurensia miezi saba sasa. Shangazi, utafanyaje?

Firdausi


Kurui
25 Agosti 2024

Mwanangu Firdausi,

Nimefanya.

Siku ile barua yako ilipofika nilimwomba Onesmo aite mkutano. Nilisimama, nikanyoosha mikono mbele, nikaiacha itetemeke watu waione. Nikasema kilichotokea kwa Hamisa, sikubakisha neno. Nikasema kuanzia leo sipokei mtoto. Kila mwenye mimba, mwezi ukikaribia, nitafuatana naye mpaka kituo cha afya, tukae kwa jamaa, tungoje huko huko. Nilidhani watanizomea. Hamisa akainuka na mtoto wake, akaja akanishika mikono hii yote miwili, akakaa chini karibu yangu. Basi, mkutano ukaendelea na habari za kisima.

Wiki mbili zilizopita nilifuatana na Laurensia. Tulifikia kwa shemeji wa Onesmo. Uchungu ulimshika Jumanne asubuhi. Tukafika kituoni, nikataka kuingia naye. Nesi, msichana mdogo kuliko wewe, akanizuia kwa adabu kabisa, akasema, "Shikamoo bibi, subiri hapo kwenye benchi." Mlango ukafungwa.

Firdausi, maisha yangu yote sijawahi kuwa upande ule wa mlango. Pembeni yangu alikaa mumewe Gregori, anakunja kofia, anakunjua. Laurensia, mtoto wa watu, analia kule ndani, namjua kwa kilio chake amefika wapi, najua sasa anatakiwa apumue, najua sasa asisukume, na sina la kufanya. Nilihesabu vigae. Kumbe ndivyo wanavyokaa wanaongoja! Ndiyo maana Mwinyimadi alikimbilia shambani. Nimemcheka miaka ishirini, maskini.

Halafu mtoto akalia. Kwa nguvu, mara moja, bila kuchelewa. Miguu ikaninyanyua yenyewe, nikausukuma mlango, mikono nimeshaitanguliza mbele. Yule nesi akageuka. Kitovu kilikuwa kimefungwa. Akaniangalia mikono, akaniangalia usoni, sijui alijua nini. Akasema, "Kaa bibi. Tumemaliza."

Nikakaa.

Ni msichana. Laurensia anaandika haya huku ananyonyesha, ndiyo maana mistari imepinda.

Shangazi yako,
Mwanajuma